Gunia Alilovaa Baba Mlangoni Kwako

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huko uliko najua posta haifiki, na hata ulipokuwa hai barua ulisomewa. Kwa hiyo hii nitaisoma mwenyewe kwa sauti nikiimaliza, kama zamani, wewe ukichambua maharage na kunikatiza kila mstari.

Walionisababisha nikuandikie ni akina mama wa parokia. Walinijia hapa Kizwite juzi, wakasema Kwaresima imefika, mwalimu mstaafu hana kazi, basi niwafundishe juu ya vazi la gunia katika Maandiko Matakatifu. Nikakubali, maana hapa ukikataa jambo la kanisa utasikia unasemwa una maringo. Nikachukua Biblia na vitabu alivyoniazima padre, nikakaa mezani na miwani yangu. Nimesoma mengi. Lakini kila nilipotaka kuandika mstari wa kwanza wa somo niliiona miguu ya baba, myembamba, ina tope, imetokeza chini ya gunia la mahindi, na wewe uko ndani unasaga ulezi. Nikaona bora nianze na wewe, somo litafuata.

Vitabu vinasema gunia la Maandiko halikuwa la katani kama letu. Lilikuwa kitambaa kizito cha manyoya ya mbuzi, cheusi, kilichofaa kubebea nafaka na kutandika chini. Yakobo alilivaa alipoletewa kanzu ya Yusufu yenye damu. Mfalme mmoja alilivaa ndani kwa ndani wakati mji wake una njaa, watu wakaliona siku alipochana nguo zake za juu. Mordekai alilivaa akazuiwa kuingia mlango wa mfalme, kwa sababu ikulu haipendi kuona mtu wa namna hiyo. Kitabu kimoja kinaeleza kwamba vazi hili ni ishara ya nje ya unyenyekevu wa ndani. Ni maneno mazuri, Shangazi, ila hayawashi. Gunia linawasha. Aliyeandika pale sidhani kama aliwahi kulivaa.

Sasa niseme lile ambalo wewe hukupenda kulisema.

Kabla ya kijiji, wewe na mume wako mlikaa ng'ambo ya bonde, kwenye ule mteremko wa nyasi. Mashamba yenu yalikuwa na yale matuta ya mviringo ya kwetu, nyasi zimefukiwa ndani zioze, ulezi mwaka huu, maharage mwaka unaofuata. Mume wako alipofariki ulimzika nyuma ya nyumba, ukabaki hapo peke yako. Kisha likaja agizo kwamba watu wote wahamie kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara iendayo Kasense. Hukukataa. Ulisema utahama ukishavuna. Wengine walisema hivyo hivyo.

Baba alikuwa katekista wa kigango, na kwa kuwa alijua kusoma walimpa na ubalozi wa nyumba kumi. Siku ya mwisho ilipopita, mgambo walikuja. Ilitakiwa nyumba za zamani zichomwe ili watu wasirudi. Baba alichukua kijinga cha moto mwenyewe, na akaanza na nyumba yako. Aliniambia sababu yake nikiwa mtu mzima. Alisema kama angeanza na za wengine, wangesema amemficha dada yake. Alilisema hilo polepole, kama mtu anayerudia hesabu ambayo anajua haitoki.

Na huyu alikuwa mdogo wako. Bibi alifariki baba akiwa bado ananyonya, na wewe, binti mdogo tu, ndiye uliyembeba mgongoni, ukamtafunia chakula, ukamuogesha, mpaka akaenda shule ya misheni. Watu wa kijiji walilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kukuuliza unajisikiaje.

Kijijini nyumba yako ilikuwa hatua chache kutoka yetu. Hukugombana naye. Hukumtukana. Uliacha tu. Kila mtu ulimsalimu kwa kupiga makofi na kuinama, kwa adabu zote za Kifipa, ila baba akipita ulikuwa unaangalia mpini wa jembe. Kanisani uliimba, ulisali, ulitoa sadaka, lakini akisimama kuhubiri ulitoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Ulitoka kuangalia mvua hata mwezi wa saba, wakati hata mtoto anajua kwamba Ufipa mwezi wa saba hakuna kitu angani zaidi ya upepo wa baridi.

Kwa kuwa hukujaliwa mtoto, mama alinileta nikae nawe. Hukuuliza mimi ni wa nani. Ulinipa mkeka na jembe dogo. Ujumbe wote ukawa unapita kwangu. "Mwambie mwenye nyumba ile mbuzi wake yuko kwenye maharage yangu." Mwenye nyumba ile alikuwa baba yangu, na nilikuwa nakwenda kumwambia hivyo hivyo, kwa heshima, na yeye alikuwa anakwenda kumfunga mbuzi. Miaka ikapita namna hiyo. Mtoto huzoea chochote, na mimi nilizoea, lakini nilikuwa natamani kitu kimoja tu, kwamba siku moja nikuone unamwita kwa jina lake.

Ikafika ile Jumatano ya Majivu. Padre alikuwa mbali, aliyatuma majivu yaliyobarikiwa kwa baiskeli, na baba ndiye aliyeongoza ibada. Wewe ulitoka kama kawaida yako, kwa hiyo haya hukuyasikia, ngoja nikuambie. Alisimulia habari za Ninawi, jinsi mfalme alivyoshuka kwenye kiti chake, akavua joho, akavaa gunia, akaketi majivuni, akaamuru mji wote uvae magunia, watu na wanyama. Mzee mmoja akanyanyua mkono.

"Katekista, na ng'ombe pia?"

"Na ng'ombe pia, mzee."

"Hayo magunia ya kuvalisha ng'ombe waliyapata wapi? Sisi hapa hata ya mahindi hayatoshi."

Watu wakacheka. Baba naye alitabasamu kidogo. Akasema, "Hilo sijui, mzee. Ila mfalme alianza na yeye mwenyewe." Tulingoja aendelee, hakuendelea. Akatupaka majivu, ibada ikaisha.

Tulirudi nyumbani, ukapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Nikamwona baba anakuja kwa mguu, peku, kwenye ule mstari wa nyumba, mchana kweupe, amevaa gunia. Alikuwa amelitoboa sehemu ya kichwa na ya mikono. Watoto walikuwa wanamfuata kwa mbali. Alipofika kwako hakubisha hodi. Alikwenda pale pembeni ulipokuwa unamwaga majivu ya jikoni, akakaa.

"Shangazi, baba yuko nje."

"Baba yako ana kwake."

"Amevaa gunia."

Jiwe lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

"Amekaa wapi?"

"Kwenye majivu."

"Hapo nilimwaga vigae vya chungu. Mwambie asogee, atajikata."

Nikaenda, nikamwambia. Akasogea. Niliporudi uliniuliza amesema nini, nikajibu amesema asante. Ukasema, "Sikukutuma ukaulize kama anashukuru."

Kisha mvua ikaanza. Ile mvua ya kwetu ya Februari, nene, baridi, isiyo na haraka. Baba hakuondoka. Gunia lililowa likawa jeusi, majivu yakageuka uji chini yake. Nilikulilia, Shangazi. Nilikuomba umwite ndani. Ulisema mvua haijawahi kuua mtu wa kwetu, ukaongeza ulezi juu ya jiwe. Nilikuchukia saa ile. Nilidhani moyo wako umekauka kabisa.

Ndipo akapita mwenyekiti wa kijiji akitoka shambani. Na yeye alikuwa na gunia, wengi tulikuwa nalo wakati wa mvua, lile unalikunja pembe moja iingie ndani ya nyingine unajifunika kichwa mpaka mgongoni. Lakini la kwake lilikunjwa tu. La baba lilitobolewa, na lilikuwa na alama ya kijiji kwa rangi nyeusi kifuani.

Hapa lazima nimtetee mwenyekiti. Msimu uliotangulia lori la kununua mazao lilifika, magunia yakapungua, likaondoka na kuacha mahindi yetu chini. Yaliota pale pale. Kwa hiyo magunia yaliyokuja baadaye yalitunzwa kuliko nguo, na kwa sababu ghala lilivuja, mzigo mmoja uliwekwa nyumbani kwetu. Kwa nini kwetu? Kwa sababu katekista haibi. Na kweli hakuiba. Alichofanya ni kusoma Maandiko, akaangalia pembeni akaona gunia, akachukua kisu. Ni katekista wa kijiji cha ujamaa tu anayeweza kufanya kosa la namna hiyo, kutubu mbele ya Mungu kwa kuharibu mali ya umma.

"Katekista, hilo si gunia la kijiji?"

"Ndilo, ndugu Mwenyekiti."

"Umelitoboa?"

"Nimelitoboa."

"Kwa sababu gani?"

Baba akainamia majivu. Mwenyekiti akaenda akagonga kile chuma cha gari kilichoning'inizwa karibu na ghala, na kijiji kizima kikakusanyika kanisani, maana ndipo palipokuwa na bati. Baba aliletwa vile vile alivyo, anadondosha maji, amesimama mahali pale pale alipotupaka majivu asubuhi. Watoto walicheka mpaka wakapigwa makofi. Mwenyekiti alitumia neno hujuma. Miaka ile neno hilo lilikuwa na uzito wake, ulijua mtu akiitwa hivyo atapandishwa gari la wilaya, na kurudi ni majaliwa. Alisema mtu ataenda mjini Sumbawanga kesho yake kutoa taarifa, na kwamba baba alale chini ya ulinzi wa mgambo. Mama yangu alikuwa analia bila kutoa sauti. Baba akaulizwa anajiteteaje.

"Sina la kujitetea."

Nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa nyuma kabisa, upande wa wanawake, una unga mikononi. Ukasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Gunia moja limetobolewa, kijiji kizima kimeitwa. Sawa, ni mali ya watu. Sasa nauliza, nyumba yangu ilipochomwa, chuma kiligongwa lini? Mlikutana wapi? Maana mimi sikusikia."

Mwenyekiti akavua kofia yake akaishika.

"Mama, lile lilikuwa agizo."

"Najua lilikuwa agizo. Siku ile mlikuwa wengi, na wewe ulikuwepo, ulisimama karibu na mti wangu wa mpera. Katika wote mliokuwepo, ni huyu mmoja amekuja kukaa kwenye majivu yangu. Na huyo mmoja ndiye mnataka kumfunga."

Ukapita katikati ya watu mpaka mbele. Ukasimama mbele yake, na ukasema neno nililolingoja tangu nihamie kwako, ila nilidhani lingekuja kwa namna nyingine.

"Benedikto. Inua mikono."

Baba alikuwa na mvi tayari kwenye ndevu. Aliinua mikono yote miwili. Ukashika gunia kwa chini, ukalivuta juu. Lilikuwa limelowa, likagoma kichwani, ukasema "Tulia," ukalivuta tena, likatoka. Ndani alikuwa na kaptula tu, na ngozi yake ya mgongo na mabega ilikuwa imevimba kwa kuwashwa. Ukafungua kitenge chako cha juu ukamfunika nacho, ukakifunga fundo begani. Hukumwangalia usoni. Ulilinyanyua gunia ukalitazama kwenye mwanga wa dirisha, kikazi kabisa.

"Sindano ninayo. Litashonwa."

"Litarudi ghalani?" mwenyekiti akauliza.

"Litarudi."

Mkutano ukaisha hivyo, hata kaulimbiu ya chama haikutajwa. Hakuna aliyetumwa mjini. Jioni ile baba alikula kwako, ugali wa ulezi na maharage, na hakuna aliyezungumza zaidi ya kuombana chumvi. Jumapili iliyofuata aliposimama kuhubiri, mvua ilikuwa inakuja kweli, ngurumo zinasikika, na wewe hukunyanyuka. Gunia ulilishona kwa uzi wa katani, likarudi ghalani, msimu ulipofika likajazwa mahindi likapanda lori pamoja na mengine. Sijui liliishia wapi.

Sasa vitabu. Kuna zaburi ambayo mtu anamshukuru Mungu kwa sababu Mungu ndiye aliyemvua gunia, akamvika furaha. Nimeipitia mara nyingi maishani, wiki hii nimeiona upya. Kuvaa, mtu huvaa mwenyewe. Baba alilivaa mwenyewe, kwa kisu chake na kwa kichwa chake. Lakini kuvua hakuweza. Asingeliondoa pale kwenye majivu hata kama mvua ingenyesha mpaka kesho yake, na mgambo wangelimvua wangekuwa wamemvua nguo tu. Ilibidi avuliwe na yule ambaye yeye alimkosea. Hili vitabu vya padre havikulisema, au vimelisema kwa maneno marefu nikalipita.

Na kuna lingine. Nilikuwa nadhani gunia ni la mwenye dhambi tu. Kisha nikafika kwa Rispa, yule mama ambaye wanawe waliuawa kwa sababu za wakubwa, maiti zao zikaachwa wazi mlimani. Alichukua gunia akalitandika mwambani, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua ziliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwa na kosa lolote. Nilivua miwani nikaiweka mezani. Nilikukumbuka unavyovuka bonde kila mara, jembe begani, kwenda kule kwenye mahame kupalilia kaburi la mume wako katikati ya mkaa wa nyumba yako. Mimi nilikuwa nakufuata nyuma na kibuyu cha maji, nikidhani tunakwenda kufanya usafi. Ulikuwa na gunia lako, Shangazi, miaka yote ile, chini ya kitenge, na sisi tulikuona mkaidi. Maandiko hayana gunia la mkosaji na gunia la mkosewa. Ni kitambaa kile kile. Hilo ndilo nitakalowafundisha akina mama, na kama padre ana neno la kuongeza ataongeza.

Nimekukosa sana wiki hii. Nilizoea kutokuwa nawe, nikasahau kwamba nimezoea, sasa somo la watu limenifukulia kila kitu. Baba naye hayupo. Wa kunikatiza nikisoma hayupo.

Akina mama nawajua. Nikimaliza hawataniuliza habari za manyoya ya mbuzi. Wataniuliza, "Mwalimu, kwani shangazi yako alimsamehe kweli, au alimwonea huruma tu asifungwe?" Swali hilo nilikuuliza mwenyewe, asubuhi nilipokuwa nakwenda chuo cha ualimu, tunangoja lori barabarani, wewe umekalia sanduku langu.

"Nilimsamehe mapema," ukasema. "Nilikuwa bado nasaga."

"Sasa mbona ulimwacha kwenye mvua?"

"Siku waliyochoma, mvua ya kwanza ilinyesha jioni ile ile. Ilinikuta nje, sina pa kuingia. Nilikaa nayo peke yangu. Nilitaka na yeye ajue baridi yake, ili tuwe wawili tunaoijua."

Hivyo ndivyo nitakavyowajibu. Pumzika, Shangazi.

Ni mimi, binti wa Benedikto, uliyenilea baada ya kumlea yeye.